Mrejesho: Somo la mageuko ya viumbe darasani
Nilipoomba ushauri kuhusu kufundisha mageuko ya viumbe katika shule ya umma, baada ya baadhi ya wazazi kulalamika kwamba somo hilo linabomoa imani ya watoto wao, wengi mlinishauri nianze na ushahidi unaoonekana, asili ya binadamu ije baadaye. Nimefanya hivyo.

Nilianza na bakteria: dawa huua walio wengi, wachache wenye badiliko la kijeni linalowakinga hubaki na kuzaliana, na hatimaye dawa ile ile haifui dafu. Hakuna aliyepinga. Ugumu ulikuja kwenye neno "nadharia", ambalo wanafunzi walilichukulia kuwa ni dhana tupu. Ilinilazimu kutumia kipindi kizima (ambacho sikukipangia, nakiri) kueleza kwamba katika sayansi neno hilo humaanisha maelezo yaliyojaribiwa mara nyingi yakahimili, kama ilivyo nadharia ya kwamba vijidudu husababisha maradhi.

Kuhusu binadamu, niliwaonyesha kwamba sisi tuna kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) 46 na sokwe ana 48, na kwamba kromosomu yetu ya 2 ina alama za kuungana kwa kromosomu mbili za kale, ambazo kwa sokwe bado zimetengana; hiyo ni ishara kwamba tuna asili moja. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama ni lazima aamini. Nilimjibu kwamba mtihani unapima uelewa wake, si imani yake.

Pendekezo la kufundisha "pande zote mbili", yaani mageuko na uumbaji, sikulifuata, kwa kuwa upande wa pili haukuwa na jambo la kupimwa maabara. Mzazi aliyelalamika zaidi alikuja kukagua daftari, akaondoka bila kuridhika, ila mtoto bado anahudhuria.