"Alijibu kwa mkato" kwa Kiingereza: curtly, bluntly au abruptly?

Muulizaji: Wakuu, salaam. Natafsiri hadithi kwenda Kiingereza. Kuna karani wa dirishani ambaye kila akiulizwa hujibu kwa mkato. Kamusi inanipa curtly, brusquely, bluntly, abruptly na rudely kana kwamba ni kitu kimoja. Nichukue lipi? Na "he answered shortly" inafaa?

Mdau wa 1: Hayalingani hata kidogo, mkuu. Curtly ni ufupi wa maneno wenye ubaridi: mteja kaeleza shida yake yote, karani anasema "Kesho" na kurudi kwenye makaratasi. Asili yake ni curtus ya Kilatini, yaani kilichokatwa, kwa hiyo ndilo jirani wa karibu wa "kwa mkato". Brusquely hubeba mwenendo mzima: kunyakua fomu, kuharakisha mtu, kumpa mgongo. Bluntly ni kusema ukweli bila kumung'unya maneno. "Fomu umeikosea, leo hupati kitu" ni bluntly, na wapo wanaoiona sifa. Abruptly ni ghafla tu, si lazima pawe na utovu wa adabu. Rudely nakushauri uiogope: hapo msimulizi ameshatoa hukumu kabla msomaji hajaona kitu.

Mdau wa 2: Shortly iache. Baada ya kitenzi cha kusema inaweza kuwa "kwa mkato", ila wengi watasoma "punde", kama katika "he will answer shortly".

Angalia na mahali pa kielezi. Sisi twasema "alijibu kwa mkato swali lile" na hakuna anayeshtuka, lakini "he answered curtly the question" ni kosa. Andika "he answered the question curtly" au "he curtly answered the question". Baada ya sound au look tumia kivumishi: "he sounded curt". Surly (mwenye kununa na ukali) nayo huwaponza wengi kwa ile -ly ya mwisho, kumbe ni kivumishi. Sema "in a surly voice".

Muulizaji: Nimewaelewa. Basi sentensi yangu: "No," he said curtly, without looking up.

Mdau wa 1: Hapo ondoa curtly. "No" tupu na macho yasiyoinuka vimeshamaliza kazi. Itunze kwa pale maneno yenyewe yana adabu lakini sauti haina: "Thank you," he said curtly. Bila kielezi hicho, msomaji atadhani karani anashukuru kweli.