Barua ya wakili kuhusu stika za VOID: dai la hataza lasomwaje?

Mchapaji wa Changamwe
Asalaam aleikum. Tunachapa stika za kuzuia feki kwa chupa za mafuta ya nazi. Kampuni fulani yasema tumeingilia hataza (patent) yake, imetupa siku 14. Dai la 1 la hataza hiyo, yaani sentensi inayoweka mpaka wa kinacholindwa: "Lebo yenye filamu angavu, tabaka la hologramu, gundi iliyopakwa kwa ruwaza ya sehemu zenye mshiko imara na hafifu, na nambari ya kipekee." Gundi yetu ni sare. Neno VOID linalojitokeza stika ikibanduliwa hutokana na vanishi ya kuachia (inayofanya filamu iachane kirahisi) iliyochapwa kati ya filamu na gundi. Nijibuje?

Bint Kizingo
Usitie sahihi kitu, wala usiahidi kusitisha kazi. Anza na rejista ya KIPI, taasisi ya hataza ya Kenya: hataza imesajiliwa Kenya, au kupitia ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika, ikitaja Kenya? Ada za mwaka zimelipwa? Ulinzi ni miaka 20 tangu maombi yawasilishwe. Ya Ulaya pekee haina nguvu hapa.
Kisha chukua nakala *iliyotolewa*, si ya maombi. Madai hukatwakatwa wakati wa uchunguzi, na mawakili wengine hunukuu yale mapana ya zamani.

Makadara254
Dai hilo lina vipande vinne, na vyote sharti viwe kwenye stika yako. Kuongeza QR hakukuokoi, kwani "yenye" haifungi mlango kwa nyongeza. Pa kupigania ni gundi tu. Madai tegemezi yasikusumbue: hubeba vipande vyote vya dai la 1, kwa hivyo usipoliingilia hilo, hayo pia huyaingilii.

Mchapaji wa Changamwe
Sehemu ya maelezo katika hataza yao yasema: "gundi mbili, au gundi moja iliyofunikwa kwa sehemu." Si wametunasa?

Bint Kizingo
Bado, shekhe. Imefunikwa upande gani? Michoro ikionyesha kifuniko upande wa chupa, mshiko unaotofautiana ni wa gundi na chupa. Kwako gundi hushika chupa sawasawa kote, kinachoachana ni filamu na vanishi juu yake. Lakini michoro ikikiweka upande wa filamu, hoja hiyo imekufa.

Makadara254
Basi thibitisha. Bandika kwenye kioo, subiri saa 24, bandua kwa nyuzi 180, milimita 300 kwa dakika, kisha piga picha ya mkato chini ya darubini. Usipeleke namba za nguvu ya kubandua peke yake: vanishi huzifanya zipande na kushuka, nao watasema hiyo ndiyo ruwaza yao. Picha ndiyo huonyesha wapi pameachana.
Huku tafuta katalogi au ankara za kabla ya tarehe yao ya kipaumbele, yaani ya maombi yao ya kwanza, zinazoonyesha stika kama hiyo. Kuua upya wa dai, waraka *mmoja* uwe na vipande vyote vinne. Ukiunganisha miwili, hiyo ni hoja ya kukosa hatua ya uvumbuzi, yaani kwamba fundi wa kawaida angeliona wazi, na ni ngumu zaidi.

Bint Kizingo
Jibu kabla ya siku 14, kwa ufupi: omba namba ya hataza na jedwali lao linalolinganisha kila kipande cha dai na stika yako. Hoja ya vanishi usiitoe hadi waseme "ruwaza" kwao ni nini.