MREJESHO: Mwisho wa katuni yangu umepatikana

Wakuu, niliomba msaada wa kumalizia katuni yangu fupi ya sayansi ya kubuni, ule mwisho wa kumgeuzia msomaji kibao. Mmoja wenu akanitajia katuni ya "Judgment Day" ya 1953 ya kule Marekani, mkaguzi kutoka duniani anaikatalia sayari ya maroboti kujiunga na muungano wa sayari kwa sababu maroboti wa rangi ya chungwa wanawabagua wa bluu, picha ya mwisho anavua helmeti aliyoivaa stori nzima, kumbe mtu mweusi! Nilisisimka aisee.

Basi yangu nimeifumua, wageni wa anga wanaona taa za wavuvi wa dagaa usiku Ziwa Tanganyika wanadhani ni mji, wanashuka kuuteka, na ukubwa wao sijauonyesha popote. Picha ya mwisho asubuhi ufukweni Katonga, mama anageuza dagaa mchangani, katikati yao kuna vikofia vidogo vya anga. Vijana wa hapa Kigoma wameielewa fasta. Asanteni sana.