Wasambazaji wa muziki mtandaoni, mnatuhukumu kwa wizi bila kutusikiliza

Wakuu,

Nina lebo ndogo ya mtandaoni ya muziki wa majaribio. Tunatoa noizi (muziki wa kelele zenyewe), sauti ndefu zinazovuma bila mdundo, rekodi za mvua na mitambo zilizokatwakatwa na kuungwa upya. Hatuna ofisi wala mwekezaji. Msanii analeta kazi, tunaisikiliza pamoja, tunatafuta fundi wa masteringi, yaani umaliziaji wa mwisho wa sauti, anayeelewa kwamba ule mkwaruzo umewekwa makusudi, tunatengeneza kava, tunaitoa. Kikipatikana chochote baada ya gharama tunagawana nusu kwa nusu. Mara nyingi hakipatikani, na silalamikii hilo. Hakuna aliyeingia huku akitafuta utajiri.

Ninacholalamikia ni hiki. Msambazaji wetu, yaani kampuni ya katikati inayopeleka muziki kwenye majukwaa yote ya kusikilizia mtandaoni kama Spotify, ameifuta albamu yetu kila mahali kwa madai ya "usikilizaji bandia". Hakutuonya. Imekuja barua pepe ya mistari michache, chini haina jina la mtu: mfumo umegundua shughuli zisizo za kawaida, mapato yamezuiwa, faini itakatwa kwenye akaunti, uamuzi ni wa mwisho. Nikauliza ni kipande kipi. Nikauliza tarehe zipi, wasikilizaji wa wapi, kupitia orodha gani ya nyimbo. Nikajibiwa kwa barua ileile, neno kwa neno. Nikafungua tiketi nyingine, ikafungwa bila hata kujibiwa.

Basi nikaingia mwenyewe kwenye takwimu. Kipande kimoja kati ya vyote kilikuwa kimeruka ghafla, chote kutoka mji mmoja ambao msanii wetu hana hata mfuasi, kupitia orodha ya nyimbo yenye jina lisilo na maana yoyote. Anayefahamu biashara hii anajua hiyo ni nini. Wauzaji wa strimu za roboti, yaani usikilizaji unaofanywa na programu badala ya watu, huchomeka nyimbo za watu wasiohusika katikati ya nyimbo za wateja wao ili orodha ionekane ya kawaida. Hatukulipa mtu. Hatukumjua mwenye orodha. Mtu yeyote anaweza kuuweka wimbo wako kwenye orodha yake, na hakuna anayekuomba ruhusa. Lakini aliyechomekwa ndiye aliyeandikwa mwizi.

Na sababu ya kuandikwa mwizi haraka hivyo naijua. Novemba 2023 Spotify ilitangaza kwamba kuanzia 2024 itawatoza lebo na wasambazaji faini kwa kila wimbo utakaobainika kuwa na usikilizaji bandia wa wazi. Msambazaji akitozwa, anaisukuma faini kwa mteja. Sasa jiulize: mteja mdogo anayemwingizia senti, achunguzwe na mtu mwenye mshahara, au afutwe kwa kubonyeza mara moja? Kumfuta ni rahisi kuliko kumsikiliza. Ndiyo hesabu yote iliyofanyika juu ya kazi ya msanii wangu.

Msinijibu kwamba wizi upo. Najua upo. Septemba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walimshtaki mtu mmoja wa North Carolina wakidai alivuna zaidi ya dola milioni 10 za mirabaha kwa roboti zilizosikiliza nyimbo zilizotengenezwa na akili mnemba. Lakini someni alivyodaiwa kufanya: strimu zilisambazwa kwenye maelfu ya nyimbo ili pasiwe na hata mmoja unaojitokeza. Mwizi mwenye mtaji hujificha ndani ya wingi. Lebo yenye albamu chache, ikirukiwa na roboti kwenye kipande kimoja, inaonekana mara moja. Mtego ukitegwa hivyo utamnasa nani kwanza?

Halafu kuna hili la sauti zenyewe, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Katika tangazo lilelile la 2023, Spotify ilisema sauti ilizoziita za "matumizi", yaani kelele nyeupe, sauti za asili, za mashine na hata rekodi za ukimya, lazima zifike dakika mbili ndipo zilipwe, na zitalipwa sehemu tu ya kile unacholipwa wimbo. Mwaka huohuo Deezer, jukwaa jingine la muziki, nayo ikatangaza kuziondoa kelele zisizo za wasanii kwenye mfuko wa mirabaha na kuweka za kwake. Nia yao naielewa: kuna watu waliokuwa wakikata sauti ya mvua vipande vya nusu dakika ili kila kipande kihesabiwe. Lakini isome tena orodha hiyo. Sauti za asili, mashine, ukimya. Hiyo ndiyo malighafi ya wasanii wetu! Kuna mtu anakaa na rekodi ya jenereta miezi, anaisikiliza, anaichuja, anatafuta noti iliyojificha ndani ya muungurumo, halafu programu inamweka kapu moja na sauti za kulalia. Nani anayetenganisha? Ana masikio?

Kama mnadhani natia chumvi, kumbukeni kilichotokea YouTube. Mwanamuziki mmoja wa Australia alipandisha saa 10 za kelele nyeupe alizotengeneza mwenyewe, na kufikia Januari 2018 video hiyo ilikuwa na madai matano ya hakimiliki. Madai ya kumiliki kelele nyeupe! Mashine za namna hiyo ndizo mnazozipa uamuzi wa mwisho.

Hata malipo yenyewe hayakupangwa kwa ajili ya muziki kama huu. Strimu huhesabiwa baada ya sekunde 30. Msikilizaji akikaa na kipande chetu cha dakika 40 mpaka mwisho, ni strimu moja. Angesikiliza nyimbo za dakika mbili kwa muda huohuo, zingehesabiwa 20. Na tangu 2024 wimbo usiofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 haupati kitu Spotify, fungu lake linagawiwa kwa waliofikisha. Wachache wetu wanafikisha. Tulimeza hilo, tukaendelea.

Najua wapo watakaosema uza moja kwa moja, achana nao. Tunauza. Bandcamp, duka la mtandaoni ambako msikilizaji hununua muziki kwa msanii au lebo, inachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na kwetu ndiko inakotoka karibu pesa yote. Lakini nayo ilinunuliwa na Epic Games, kampuni ya michezo ya video, mwaka 2022, ikauzwa tena kwa Songtradr, kampuni ya leseni za muziki, mwaka 2023, na takriban nusu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Siwezi kuwaambia wasanii waweke maisha yao yote hapo. Isitoshe, mtu hajui kama anapenda noizi mpaka ajikwae nayo, na watu wanajikwaa huko kwenye majukwaa makubwa.

Msanii wetu sasa ana viungo vilivyokufa. Alikuwa amevituma kwa waandaaji wa tamasha na kwenye maombi ya ufadhili. Anayevibonyeza leo anakuta ukurasa mtupu. Amenipigia akiuliza kama watu watadhani alinunua wasikilizaji, na sina barua hata moja ya kumwonyesha inayosema alifanya nini.

Kwa hiyo nawataka wasambazaji wafanye hivi, na si mambo makubwa: mkimtuhumu mtu, mwambieni ni wimbo gani, siku gani, kupitia orodha gani, kwa sababu takwimu hizo mnazo. Mpeni muda wa kujibu kabla ya kufuta, si baada. Zuieni strimu za roboti, acheni za watu wa kweli zilipwe. Na kwenye kazi za namna hii awepo binadamu mmoja anayesikiliza kabla ya kuhukumu. Mnachukua ada zetu kila mwaka, haya ni sehemu ya kazi yenu.

Mwenye lebo au msanii aliyepata barua kama yetu, aweke hapa maneno aliyoandikiwa na alichojibiwa alipokata rufaa, kama alijibiwa. Ficheni majina ya wasanii. Nakusanya yote, na nitaandika malalamiko ya pamoja kwa majukwaa yenyewe, si kwa wasambazaji tena. Nani mwingine amefutwa?