Dar hadi Mbozi na IST: wapi pa kusimama njiani?

MsafiriKimara: Wakuu, heshima kwenu. Tunaondoka Dar watu wanne na Toyota IST otomatiki kwenda kukiona Kimondo cha Mbozi. Hatutaki kukimbia tu, tunataka kusimama penye vitu vya ajabu. Tulale wapi, tusimame wapi, na mlima Kitonga gari ndogo inapandaje?

Mnyalukolo: Mkuu, Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, mkitaka kuona vitu laleni Iringa. Tokeni saa kumi na moja alfajiri, maana foleni ya Kibaha hadi Chalinze ndiyo inayoharibu ratiba.

Mikumi barabara kuu inakatiza hifadhini kama kilomita 50 na hamlipi kiingilio mkipita tu. Mchana mwendo 70, usiku 50. Msishuke, msiwape nyani chakula. Kuna mabango yanayotaja faini ya kila mnyama ukimgonga, kwa dola, someni kabla ya kukanyaga mafuta. Mkivuka Mikumi mjini mnaingia bonde la mibuyu kando ya mto Ruaha. Simameni pale bega la barabara lilipo pana, si kwenye kona, malori hayana pa kukukwepea.

Mjini Iringa mtapanda kilima kutokea Ipogolo. Jioni ikiwaruhusu, nendeni Kalenga, kwenye njia ya hifadhi ya Ruaha. Ndiko kuliko makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Asubuhi ni Isimila, kama kilomita 20 kuelekea Mbeya: zana za mawe za kale zimelala chini ya vibanda, halafu mnashuka korongoni kwenye nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko. Vaeni viatu vyenye meno na mwahi kabla ya jua la saa sita. Mvua ikiwa imenyesha, kule chini ni tope.

FundiBreki: Mimi nitasema Kitonga. Kupanda, IST inapanda vizuri, kinachoua ni joto. Kabla ya safari hakikisha feni ya rejeta inawaka na kulanti (maji ya kupoza injini) iko kwenye alama, injini ikiwa ya baridi. Mlimani zima AC, weka gia ya chini, L au 2, na ukubali kukaa nyuma ya lori la semi. Sindano ya joto ikipanda, tafuta pa kuegesha, acha injini ipoe, usifungue kifuniko cha rejeta kwa haraka.

Kushuka wakati wa kurudi ndiko kwa hatari zaidi. Ukishika breki mfululizo, padi zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka na pedali inazama hadi chini. Anza kushuka tayari uko gia ya chini, kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha achia, rudia. Kama mafuta ya breki yamepita miaka miwili, badilisha kabla ya kutoka Dar. Upepo wa tairi fuata kibandiko cha mlango wa dereva, kipimo cha gari lililojaa, na spea ipimwe pia. Pembetatu mbili na kizima moto viwepo, trafiki watauliza.

MamaSoko: Msinunue mizigo kwenda. Nyanya za Ilula ziko juu ya Kitonga, mkizijaza wakati wa kurudi mnashuka mlima na uzito, kwa hiyo chukueni ndoo moja, zilizoiva nusu. Vitunguu nunueni Ruaha Mbuyuni, mlima mmeshaumaliza. Bonyeza shingo ya kitunguu: ikiwa laini, kimevunwa mapema na kitaoza. Viwekwe kwenye neti, visifungiwe kwenye nailoni ndani ya buti.

MsafiriKimara: Asanteni sana. Na Kimondo chenyewe?

Mnyalukolo: Kutoka Mbeya shikeni njia ya Tunduma, mkate kushoto kwenye kibao cha Kimondo kabla ya Vwawa. Ni pande la chuma lenye urefu wa kama mita tatu, hukadiriwa tani 12 hadi 16. Angalieni ncha nyembamba, kuna makovu ya watu waliokata vipande.

FundiBreki: Jazeni tangi Mbeya kabla ya kukata kona hiyo.