Naombeni ushauri: mtandio kwenye Misa, na binti aliyerudishwa mlangoni

Msomaji wa Zamu:
Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wenye kujua sheria za Kanisa msininyime, maana huku kwetu kila mtu amekuwa mwalimu. Mimi ni Mkatoliki, nimeolewa, na ni msomaji wa masomo parokiani. Tangu Kwaresima nimekuwa nikijifunika mtandio ninapoingia kwenye Misa. Hakuna aliyenituma. Nilianza nao wakati wa kuabudu Ekaristi, nikaona nasali kwa utulivu zaidi, nikaendelea. Wifi yangu anasema najifanya mtakatifu kuliko wenzangu. Wakati huohuo kuna mama mmoja, mtu mzima ninayemheshimu sana, anawaambia wasomaji wengine kwamba asiyefunika kichwa asipande mimbarini, na mfano anaowapigia ni mimi. Wenzangu wameninunia.

Hayo ningeyameza. Lililonileta hapa ni la mtoto wa dada yangu. Ni msichana mkubwa sasa, alikuwa amepoa kiimani muda mrefu na ndiyo kwanza ameanza kurudi. Akaja na gauni la mikanda mabegani, refu, limevuka magoti. Mhudumu wa mlangoni akamwambia mbele za watu, "Nenda kavae kwanza." Nilimkuta nje kasimama ukutani, mkoba kaukumbatia kifuani kujaribu kuficha mabega. Tangu siku hiyo ukimtajia Misa anabadilisha mazungumzo.

Je, kuna sheria yoyote ya kufunika kichwa? Na huyu binti nimwambieje?

Wa Kale Daima:
Milele na milele, amina. Binti yangu, soma 1 Wakorintho 11. Mtume Paulo anasema mwanamke anayesali bila kufunika kichwa anakiaibisha kichwa chake. Kuna cha kujadili hapo? Bibi zetu walijifunika na hawakufungua mjadala. Huyo mama yuko sahihi. Na mhudumu alitimiza wajibu wake, nyumba ya Mungu si ufukweni.

Kanuni kwa Kanuni:
Mzee wangu, shikamoo. Nakubali bibi zetu walijifunika, na ilikuwa sheria kweli. Iko kwenye Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917, kanuni ya 1262: wanaume wawe kichwa wazi, wanawake wafunike kichwa na wavae kwa staha, hasa wanapokwenda kukomunika. Lakini kanuni hiyohiyo, kifungu kinachotangulia, inatamani wanawake wakae mbali na wanaume kanisani. Anayetaka kuirudisha airudishe nzima, amuage mkewe mlangoni wakutane baada ya baraka.

Mwaka 1983 Papa Yohane Paulo II alitangaza Mkusanyo mpya. Kanuni yake ya 6 inafuta ule wa 1917, na ndani ya huu mpya hakuna neno lolote kuhusu kichwa cha mwanamke. Kwa hiyo dada, jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Si dhambi kutojifunika, wala hukatazwi kujifunika.

Wa Kale Daima:
Sheria ya watu ikifutwa, Neno la Mungu halifutiki.

Kanuni kwa Kanuni:
Halifutiki, ila lina msomaji wake, ambaye ni Kanisa. Mwaka 1976 idara ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani ilitoa tamko la Inter Insigniores. Mada yake ilikuwa nyingine kabisa, suala la wanawake na upadre, lakini ndani yake wakaligusa hilihili. Wakasema agizo la Paulo la kufunika kichwa linahusu nidhamu yenye uzito mdogo, yaelekea ilitokana na desturi za wakati ule, na halina tena nguvu ya sheria. Tena angalia: tamko hilo ndilo lililokataa upadre kwa wanawake, kwa hiyo mtu asiniambie liliandikwa na watu waliopenda mambo ya kisasa.

Mtandio Mweupe:
Dada, mimi najifunika miaka mingi, na maneno ya mawifi nayajua. Usiuvue kwa sababu yake. Lakini usiwe na majibu marefu pia. Akikuuliza, mwambie "nasali vizuri nikiwa nao," basi, ongea mengine. Ukianza kumfafanulia malaika anaowataja Paulo palepale na heshima ya Ekaristi atasikia unamhubiria, na hapo atakuwa na haki kidogo.

Chagua wa kawaida, wa rangi tulivu, usiodondoka kila ukiinama. Niliwahi kuvaa wa lesi inayoteleza, Misa nzima mkono uko kichwani. Na watakaokwambia mweupe ni wa wasioolewa na mweusi ni wa walioolewa na wajane, hiyo ni desturi ya mahali fulani, haimfungi mtu.

Kwa huyo mama, tatizo ni kwamba anakutumia wewe kama fimbo ya kuwachapia wenzako. Hilo likomeshe wewe mwenyewe, na mbele yao, si pembeni. "Mama, nakuheshimu, lakini mimi nimejichagulia, hawa hawana kosa." Ukinyamaza watajua mko pamoja.

Baba Watatu:
Mimi nauliza tu: mbona mlangoni wanapimwa wanawake peke yao? Paulo hapohapo anakataza mwanamume kusali amefunika kichwa. Jumapili kuna kijana alikaa mbele yangu na kofia hadi Injili, suruali imeshuka chini ya kiuno, hakuna aliyemgusa bega. Kwenye Komunyo alikuwa na simu mkononi.

Wa Kale Daima:
Huyo naye atolewe! Lakini msikwepe. Hata Basilika la Mtakatifu Petro kule Vatikano wanamzuia mwenye mabega au magoti wazi. Nalo ni kosa?

Kanuni kwa Kanuni:
Hapo umenikamata, ni kweli wanazuia. Staha haijafutwa na haitafutwa. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 1387 inasema mwenendo wa mwili, yaani ishara na mavazi, uonyeshe heshima, uzito na furaha ya saa ile Kristo anapokuwa mgeni wetu. Namba 2524 inaongeza kwamba sura za staha zinatofautiana kati ya utamaduni na utamaduni. Ndiyo maana huwezi kutaja sentimita za sketi ukasema hizi ni za Kanisa lote.

Ila kwa Misa, kanuni ya 1221 ya Mkusanyo mpya inataka kuingia kanisani wakati wa maadhimisho kuwe huru na bure. Parokia inaweza kuomba watu wavae kwa adabu. Kumfukuza aliyekuja kusali, tena kwa sauti, ni jambo jingine.

Nasimama Mlangoni:
Mimi ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nivumilieni. Huwa natenganisha. Msomaji, mwanakwaya na mgawa Komunyo wamekubali utumishi, na parokia inaweza kuwapangia mavazi. Akija mgongo wazi nitamwita pembeni kabla ya Misa, tena atanielewa. Mtu nisiyemfahamu simwambii lolote. Namwonyesha nafasi. Sijui ametoka wapi, pengine analo gauni hilo moja la heshima. Yakobo sura ya 2 inamsema yule anayemkalisha vizuri mwenye nguo za fahari na kumsimamisha maskini, nami kila nikiisoma najiona pale mlangoni.

Dada, mwenzangu alimkosea binti yako. Usimwambie "lakini na wewe gauni lile." Si sasa. Mwambie pole, mwambie hakustahili kutendewa vile, kisha mwende pamoja, Misa ya saa nyingine kama anaona haya. Mambo ya mabega atayaona mwenyewe akishakaa miongoni mwa watu.

Msomaji wa Zamu:
Asanteni sana, hata wewe mzee wangu, nimekusikia. Mtandio sivui. Mama nitaongea naye kabla ya zamu yetu ijayo, wenzangu wakiwepo, ingawa moyo unanienda mbio. Binti nimemwandikia sasa hivi, sikutaja gauni. Amejibu "tutaona shangazi", na mimi wala si shangazi yake, ni mama yake mdogo, ananitania hivyo akiwa na furaha.

Kanuni, ile ya kuingia kanisani ni namba ngapi? Nataka kumpelekea paroko.

Kanuni kwa Kanuni:
1221. Lakini nenda kwanza umweleze kilichotokea, maana pengine hana habari. Namba umtajie akikuuliza.