Mama ana aneurizimu (mshipa uliotanuka kama puto) ya vena inayopeleka damu kwenye ini: je, afanyiwe upasuaji?

Binti wa Kisauni:
Assalaam aleikum. Mama yangu, mwenye miaka 61, alipigwa picha ya ultrasaundi kwa sababu ya maumivu chini ya mbavu za kulia, ikaonekana kwamba vena kuu inayopeleka damu kwenye ini imetanuka hadi milimita 24. Tuliambiwa neno aneurizimu bila maelezo, nasi tangu siku hiyo hatulali, tukihofia kwamba mshipa utapasuka. Je, apasuliwe?

Mpiga picha wa hospitali, mtaa wa Tudor:
Waaleikum salaam, dada, na pole. Aneurizimu inayoogopwa ni ile ya ateri, yaani mishipa itoayo damu moyoni, hasa aota, ateri kubwa kuliko zote, kwa kuwa damu humo husukumwa kwa nguvu. Katika vena msukumo ni mdogo, na kupasuka ni nadra sana. Kwa ini lisilo na ugonjwa, vena hiyo ya mama huhesabiwa kuwa na aneurizimu ikizidi takriban milimita 15, na kwa ini lenye makovu ikizidi 19. Uliza kama Dopla, yaani ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu, ilitumika, maana bila hiyo kifuko cha maji au uvimbe wa kongosho huweza kudhaniwa kuwa mshipa, au kinyume chake.

Daktari wa upasuaji:
Naafikiana na ndugu aliyetangulia, ila mimi ningeanza na ini lenyewe. Wako wanaozaliwa na hali hii, ambayo imeelezwa katika maandishi ya kitabibu tangu mwaka 1956, na wako wanaoipata kwa sababu shinikizo limepanda katika vena hiyo, kutokana na sirosisi (makovu ya ini) au kichocho cha matumbo. Ini likiwa zima, mama akiwa hana donge la damu wala dalili zitokanazo na mshipa, kwa kawaida hufuatiliwa kwa ultrasaundi na skani ya CT yenye dawa ya mishipa, bila kisu. Upasuaji hufikiriwa mshipa ukiendelea kukua, ukibana njia ya nyongo au ukiziba kwa donge. Na maumivu hayo, tafadhali, yasihusishwe na mshipa kabla hajachunguzwa mawe ya nyongo. Akitapika damu, akipata choo cheusi au maumivu makali ya ghafla, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Binti wa Kisauni:
Daktari, na wewe kaka, shukrani sana. Nimeisoma ripoti tena: Dopla haikutajwa, na mawe mawili ya nyongo yameandikwa mstari wa mwisho, wala hatukuambiwa. Jumatatu tutaomba vyote viwili: Dopla na uchunguzi wa mawe hayo.